Swali la Bi Siwema kwa Waziri wa Mwendo

Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango, nakutegea wewe, usimtazame mwenzio. Nimepakwa rangi lakini sikupendeza. Nimechorwa ukutani lakini si picha. Mwenye nyumba akiniona tu, anaanza kuulizia maboksi matupu dukani. Mimi ni nani?

Usikurupuke. Si tangazo la mgombea. Likichorwa hilo, mwenye nyumba hupewa fulana na kofia. Si tangazo la dawa ya panya pia. Huna? Basi nipe mji. Hapana, huo usinipe, huo una foleni, nitafika lini? Nipe mwingine. Ahaa, huo nimepokea. Jibu ni alama ya X, ile wanayopaka watu wa serikali kwenye nyumba wanayotaka kuibomoa, na hadithi yenyewe inaanzia kwenye ukuta wa Bi Siwema, mshonaji wa magodoro ya sufi, aliyetoka asubuhi kufagia uwanja akakuta amepakwa mbili.

Katika nchi ile (jina lake tuliache, ukilitaja watakuuliza umelisikia kwa nani) nyumba kupakwa X moja lilikuwa jambo la kawaida, kama mtoto kupata surua. Lakini mbili, nyekundu na buluu, moja imemkalia mwenzake kichwani, hiyo ilikuwa haijaonekana. Vijana wenye makopo ya rangi walikuwa bado wako pale wanajifuta mikono kwenye majani ya mpapai wake.

"Wanangu," Bi Siwema akasema, "hii nyekundu ni ya nini?"

"Ya Basi, mama. Njia ya mabasi yaendayo kasi itapita upande wa kushoto wa mtaa."

"Na ya buluu?"

"Hiyo usituulize sisi. Hiyo ya watu wa Treni. Wao wanapita kulia. Hatusalimiani nao."

"Sasa mimi mbona nina zote mbili?"

Kijana akarudi nyuma kidogo, akaitazama nyumba iliyokaa pale kwenye kona, mtaa wa Bomba Kavu unapopinda, haiko upande huu wala ule. Akatabasamu kwa roho safi kabisa. "Wewe mama una bahati. Kwa vyovyote vile, maendeleo yatakupitia."

Ndani, mumewe Mzee Mwinyikondo, dobi mstaafu, alikuwa ameketi kitandani miguu imevimba kama mito. Bi Siwema alipomweleza, mzee akafikiri kidogo.

"Hata mtoto wa shule akikosea sana," akasema, "hapewi X mbili kwenye jibu moja."

Akacheka, kisha akakohoa. Bi Siwema akaanza kumtafutia ndara, kwa sababu ilikuwa Jumanne, na Jumanne na Ijumaa ndizo zilikuwa siku za mzee kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu.

Hospitali Kuu ilikuwa upande wa pili wa mji. Si mbali. Kunguru angeruka akafika kabla chai haijapoa. Lakini Bi Siwema na mumewe hawakuwa kunguru, walipanda bajaji, na bajaji ilipita barabarani, na barabara ya nchi ile ilikuwa na wakubwa. Walikuwa wengi, na kila mkubwa alikuwa na msafara wake wa magari meusi na ving'ora, na msafara ukipita askari aliinua mkono na mji mzima ukasimama, hata mkokoteni. Ikafika mahali misafara yenyewe ikaanza kuzuiana. Naibu alimsubiri Waziri apite, Waziri akamsubiri aliye juu yake, huyo akamsubiri aliye juu zaidi, na wananchi wakawasubiri wote.

Siku ile nayo walichelewa. Walipofika, kwenye mashine alikuwa amewekwa mtu mwingine. Daktari, binti mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, akamvuta Bi Siwema pembeni.

"Mama, mimi nikikulaumu nitakuonea. Lakini figo za mzee hazijui foleni. Tukiendelea kukosa hivi, sina cha kukuahidi."

Bi Siwema alirudi nyumbani na neno lile kifuani. Jioni alisimama mbele ya ukuta wake, akazitazama zile X mbili, akasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza:

"Na waichukue nyumba. Chombo kikiwa basi, sawa. Kikiwa treni, sawa. Mradi asubuhi kimpakie mzee wangu hapa, kimshushe pale."

*

Sasa usidhani serikali ya nchi ile ilikuwa inakisia mambo. La. Iliunda Kamati ya Basi na Kamati ya Treni. Kamati ya Basi ilipanda ndege kwenda ng'ambo kutazama basi. Kamati ya Treni ilipanda ndege kubwa zaidi kwenda mbali zaidi kutazama treni. Zote mbili zilirudi na mafua na masanduku mapya, zikaketi redioni kila jioni kuelimisha umma.

Mtaa wa Bomba Kavu nao ukaelimika. Kabla ya rangi watu wale walikuwa wakikopeshana chumvi. Baada ya rangi, wenye X nyekundu upande wa kushoto waligundua kwamba maisha yao yote walikuwa wapenzi wa treni, na wenye X ya buluu upande wa kulia wakagundua kwamba hakuna kitu Mungu alichokijalia kama basi.

Aliyesemea kulia alikuwa Bi Havintishi, muuza mkaa, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Aliyesemea kushoto alikuwa Mzee Chambuso, fundi baiskeli. Walikuwa wakigombana mbele ya nyumba ya Bi Siwema kwa sababu ndiyo iliyokuwa na kivuli, naye alikuwa akiwasikiliza huku anachambua sufi.

"Basi linajengwa upesi," akasema Bi Havintishi. "Unamwaga lami, unapaka mstari, kesho unapanda. Treni mpaka ije, mimi nitakuwa nimezikwa na wewe umeoa mwingine!"

"Lami ya nchi hii?" Mzee Chambuso akacheka. "Mvua moja tu, hilo basi lako linakuwa mtumbwi. Na hiyo njia yake ya peke yake, jirani yangu, kila mwenye gari na mjomba serikalini atapita humohumo. Reli nani atapita na gari lake? Apite tuone!"

"Treni inataka umeme. Umeme wenyewe huu wa kupepesa? Utakwama huko juu ya daraja lake kama chandarua."

"Treni moja inabeba watu wa mabasi mangapi, wewe?"

"Na deni lake linabebwa na nani, wewe?"

"Deni! Unajua deni la treni, deni lako la soda kwangu hulijui!"

"Ndiyo maana Mungu kakunyima nywele, Chambuso."

Bi Siwema akainua uso. "Jirani zangu," akasema taratibu, "kwani kinatoka wapi?"

Wakamtazama wote wawili.

"Hicho chombo. Basi au treni. Mwenyekiti kabandika picha pale ofisini, mstari mwekundu na mstari wa buluu. Mimi nimekwenda kuitazama. Yote miwili inaanzia Kilima cha Upepo na inaishia uwanja wa ndege. Inaachana hapa kwetu tu, huyu kushoto, huyu kulia, halafu inarudiana."

"Sasa kuna ubaya gani?" akauliza Mzee Chambuso.

"Sijasema ubaya. Nauliza. Kilima cha Upepo wanakaa wakubwa. Kule hata mbwa anapelekwa kwa daktari ndani ya gari lenye kipupwe. Nani kule anasubiri basi?"

Bi Havintishi akafikiri. "Labda wafanyakazi wao wa ndani."

"Labda," Bi Siwema akasema, akarudi kwenye sufi yake. Lakini lile "labda" halikumshuka. Lilimkaa kooni kama mwiba wa dagaa.

*

Ukatangazwa mkutano mkubwa. Mheshimiwa Waziri wa Mwendo mwenyewe angekuja, wananchi wachague kwa uhuru, na wamuulize maswali ya papo kwa papo.

Kwa hiyo siku chache kabla, watu wakaitwa ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa kufanya mazoezi ya maswali ya papo kwa papo.

Msishangae. Nchi ile ilikuwa na ustaarabu. Mkubwa hakuulizwa jambo la kumshtua, ni kama kumrushia mgeni kiti. Kila swali liligawiwa mapema kwa mtu wake, likahifadhiwa moyoni, na majibu yakatangulia wizarani kwa mpangilio uleule, la kwanza kwa la kwanza, la pili kwa la pili. Mheshimiwa hakupaswa hata kusikiliza. Alijibu kwa zamu.

Mwenyekiti Dihenga, mtu mnene mwenye leso ya kujifutia jasho, alikuwa akiwapanga kama kwaya.

"Mzee Chambuso, wewe la kwanza: 'Mheshimiwa, kwa nini nchi nyingine zinatuonea wivu?' Sema kwa uchungu kidogo. Bi Havintishi la pili: 'Mheshimiwa, vijana wetu watafaidikaje?' Usipige kelele, mama, kuna vipaza sauti. Bi Siwema, wewe la tatu, la heshima. 'Mheshimiwa, unapata wapi nguvu za kutufikiria sisi usiku na mchana?' Na machozi ukiweza."

Bi Siwema akalirudia mara moja, kwa utii. Kisha akainua mkono.

"Mwenyekiti, mwanangu, kuna jingine. Nani kapewa swali la vituo?"

"Vituo gani?"

"Kinasimama wapi hicho chombo. Mimi nina mgonjwa. Nataka kujua kama kinasimama hospitali."

Dihenga akatazama kule, akatazama huku, akajifuta shingo. "Bi Siwema, swali hilo halimo kwenye maswali ya papo kwa papo."

"Si ndiyo nikasema liingie?"

"Haliwezi kuingia! Litakuwa la ghafla!"

Akamsogelea, akashusha sauti. "Mama, nakuheshimu kama mama yangu. Hata mimi nilimuuliza afisa wa tarafa jambo hilo. Akaniambia nisiwe mtu wa kusimamasimama." Uso wake ukawa kama wa mtu aliyemeza mbegu. "Wewe uliza la nguvu. Ukiuliza la nguvu hutapata taabu."

*

Siku ya mkutano jua lilikuwa linawaka kama limelipwa. Mshereheshaji alimkaribisha Mheshimiwa Waziri wa Mwendo, Daktari Profesa Mhandisi Balozi Ntambala Makuzi, na kwa kuwa katika nchi ile vyeo vilisomwa vyote kutoka juu hadi chini na kurudi, msomaji alipewa maji katikati.

Waziri akapanda jukwaani. Alikuwa mtu wa kupendeza, uso laini, mikono laini, sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale.

"Ndugu wananchi! Mwendo ni nini? Mwendo ni kuondoka mahali. Na kuondoka mahali ni nini? Ni kutokuwepo pale ulipokuwepo! Hii ndiyo sera yetu. Wenzetu wa nchi nyingine walianzia nyuma. Sisi tumekataa. Sisi tutaanzia mbele!"

Makofi. Ngoma. Makofi.

"Basi lina matairi. Treni haina. Lakini treni ina reli. Basi halina. Wataalamu wetu wamelichunguza jambo hili bila kulala, na mimi nimewachunguza wao bila kulala. Sasa tunawaachia ninyi. Maswali!"

Mzee Chambuso akauliza la wivu, kwa uchungu kidogo, akajibiwa vizuri. Bi Havintishi akauliza la vijana, vipaza sauti vikalia, akajibiwa vizuri. Kisha Bi Siwema akasimama. Kule nyuma, chini ya turubai, alimwona mumewe kwenye kiti cha plastiki, miguu imewekwa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Na lile swali la nguvu, alilolirudia kwa utii, likakataa kutoka.

"Mheshimiwa," akasema, "hicho chombo, kikiwa basi au kikiwa treni, kinasimama wapi?"

Dihenga akafunika uso kwa leso. Waziri akageuza karatasi yake, akakuta jibu la tatu, akatabasamu, akafungua mikono.

"Mama yangu mpendwa! Nguvu hizo nazipata kutoka kwenu ninyi wananchi. Na kwa Mungu. Na kwa mke wangu, ambaye huniambia, 'Ntambala, lala,' nami namwambia, 'Nitalalaje, na watu wangu hawajalala?'"

Makofi yakapasua anga. Ngoma zikaingia. Mwanamke mmoja akalia machozi ya kweli. Bi Siwema akabaki amesimama, mdomo wazi, mpaka askari akamgusa bega akakaa.

Ikaja zamu ya kuchagua. Wakaweka picha ya basi kushoto na picha ya treni kulia, watu wakaambiwa wapange mstari nyuma ya picha waipendayo. Bi Siwema alikwenda kusimama katikati.

"Mama, katikati hakuna mstari," askari akamwambia.

"Mimi nasubiri jibu."

"Jibu umeshapewa, mama. Tumesikia wote. Tena jibu zuri."

Waziri akaitazama mistari miwili, hakuhesabu mtu, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Serikali yenu ni sikivu. Waliotaka basi, wameshinda! Waliotaka treni, wameshinda! Hakuna aliyeshindwa isipokuwa maadui wa maendeleo. Natangaza rasmi kwamba tutajenga Mseto wa Taifa. Utakuwa na matairi ya basi, utapita kwenye daraja kama treni. Na kwa kuwa ni mkubwa, utapita kushoto na kulia!"

Watu waliruka. Mzee Chambuso alimkumbatia mtu asiyemjua. Bi Havintishi alipiga vigelegele. Ndipo Mzee Chambuso akaganda, mikono bado iko juu.

"Havintishi."

"Nini?"

"Kushoto na kulia. Si ni mimi na wewe?"

*

Matingatinga hayakuchelewa hata kidogo. Bi Siwema na mumewe wakahamia chumba cha uani nyuma ya soko, Bi Havintishi chumba cha pili, Mzee Chambuso cha tatu. Sasa hakukuwa tena na kushoto wala kulia, kulikuwa na choo kimoja, na kila asubuhi wawili wale walisimama kwenye foleni ya choo wakilaumiana kwa kushinda.

Daraja likapanda. Refu, jeupe, zuri, na pembeni lina ukuta mrefu kuliko mtu. Kila Jumanne na Ijumaa, bajaji ikikwama chini yake, Bi Siwema alilitazama. Siku nyingine alilifuata kwa miguu, shingo juu, kama mtu aliyepoteza kuku darini. Aliangalia nguzo moja baada ya nyingine. Mwisho akamfuata mlinzi.

"Baba, ngazi ziko wapi?"

"Ngazi gani?"

"Za kupandia huko juu."

"Aa, ngazi ni awamu ya pili."

"Na awamu ya pili ni lini?"

Mlinzi akafikiri kwa bidii, maana alikuwa mtu wa haki. "Ikishakwisha ya tatu."

Akaenda wizarani. Alikaa kwenye benchi mpaka kanga ikachora mistari mapajani. Karani akatoka na gazeti.

"Bi mkubwa, suala lako limefungwa. Ona hapa: 'Mwananchi amuuliza Waziri siri ya nguvu zake.' Picha yako hii. Umependeza."

"Mwanangu, mimi sikuuliza hivyo."

"Gazeti linasema uliuliza."

"Na mimi mwenyewe nasemaje?"

Karani akamtazama kwa huruma. "Wewe mama hukuchapwa."

Mzee Mwinyikondo alikuwa anapungua. Alikosa mashine mara moja, akakosa tena. Uso ulimvimba, usingizi ukawa wa mchana na usiku. Siku moja, mkewe akimsuguasugua miguu, akasema, "Siwema, acha kuzunguka na swali. Watakuchoka."

"Wanichoke. Mimi nimekuchoka wewe miaka yote hii, na bado niko hapa."

Akacheka, kidogo tu.

*

Ndipo akaja Mwenyekiti Dihenga, jasho na tabasamu, na kanga mpya yenye picha ya daraja.

"Bi Siwema! Umechaguliwa Mwananchi wa Mfano! Kwa swali lako lile. Mheshimiwa amesema hajawahi kuulizwa swali lenye upendo kama lile. Jumanne unazindua naye Mseto, wewe na yeye, safari ya kwanza!"

Bi Siwema hakuigusa kanga. "Jumanne?"

"Jumanne asubuhi."

"Kinapita karibu na hospitali?"

"Kinapita juu yake kabisa, mama! Paa unaligusa!"

Bi Siwema akapima moyoni. Alikuwa hawaamini hawa, tangu kopo la rangi alikuwa hawaamini. Lakini kilikuwa chombo, kilikuwa kinakwenda, na kilikuwa kinapita pale.

"Nakuja na mzee wangu."

Dihenga akashtuka. "Mgonjwa? Mama, mgonjwa hapendezi kwenye picha."

"Basi na mimi sipendezi."

Wakavutana, mwisho Dihenga akakubali mzee akae kiti cha nyuma, avae kofia, asikohoe wakati wa wimbo wa taifa.

Jumanne gari la wizara likaja kuwachukua mapema, likawapeleka Kilima cha Upepo. Huko kulikuwa na ngazi. Ngazi za marumaru, na nyingine zinazopanda zenyewe, na zulia, na maua. Bi Siwema akaziona, akamshika mumewe kwapani wakapanda, akajisemea moyoni kwamba kama huku zipo, huenda na kule zipo, labda hakuangalia vizuri. Alikuwa amekunja kadi ya kliniki ndani ya sidiria. Alikuwa amempigia daktari simu. Daktari alisema mashine itakuwa wazi asubuhi yote, waje tu.

Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya ngozi mpya. Si viti vile vya mabasi. Yalikuwa makochi, machache, yenye vitambaa vya kuwekea kichwa, na meza ya juisi. Wakubwa wengine walikuwa wameshaketi, wanavua makoti. Hapakuwa na kengele ya kushukia. Bi Siwema aliitafuta kwa macho, juu ya dirisha, kwenye nguzo, mlangoni. Hapakuwa na kamba, hapakuwa na kitufe. Akamketisha mzee nyuma, akaketi jirani naye.

Waziri alikata utepe, akapiga picha akiwa amemshika Bi Siwema mkono, akaketi mbele yao, akajinyoosha. Mseto ukaondoka bila sauti.

Nakwambia, ulikwenda. Hakuna aliyeinua mkono kuusimamisha. Mji ukapita chini yao kama kitambaa kinachovutwa: soko, paa la chumba chao cha uani, choo, na pale ilipokuwa Bomba Kavu, nguzo tupu. Chini kabisa barabara ilikuwa imejaa, bajaji na mikokoteni na akina mama wenye watoto mgongoni, wote wamekwama, wote wametazama juu.

"Tazama, Mheshimiwa," mkubwa mmoja akasema, "hakuna foleni."

"Foleni imekwisha nchini," Waziri akasema, akachukua juisi.

Bi Siwema akaliona paa la hospitali, jekundu, linakuja. Akamwinua mzee. "Simama, mzee wangu, simama polepole, tumefika, shika hapa." Mzee akasimama, kofia imemwangukia macho, mguu mmoja haumsikii. Wakasogea mpaka mlangoni. Bi Siwema akaweka kiganja kwenye kioo. Paa likaja, likawa kubwa, akaiona hata nguo ya mgonjwa imeanikwa kwenye kamba, akamwona mtu wa koti jeupe anavuka uani.

Likapita.

Likawa dogo. Mseto haukupunguza hata kidogo.

"Shusha!" Bi Siwema akapiga kioo. "Dereva! Shusha hapa! Shusha kuna mgonjwa!"

Mbele hapakuwa na dereva, kulikuwa na ukuta wenye picha ya daraja. Wakubwa wakageuza vichwa, wakarudi kwenye juisi zao. Mzee Mwinyikondo alikuwa ameanza kuteleza, mgongo kwenye mlango, taratibu, na Bi Siwema akashuka naye mpaka wote wawili wakawa chini juu ya zulia, kichwa chake mapajani mwake, kama walivyokaa zamani uwanjani kwao jua likizama.

Waziri akainuka. Akaja, akachuchumaa mbele yao, uso laini, mikono laini, kwa kweli akionekana amehuzunika.

"Mama yangu, kuna nini?"

Bi Siwema akamtazama. Hakulia. Akauliza tena, polepole, neno kwa neno, kama unavyomwuliza mtoto aliyevunja sahani:

"Baba, hiki chombo kinasimama wapi?"

Safari hii Waziri hakuwa na karatasi mkononi. Ilibidi asikilize. Akalifikiri swali, akaliona ni jepesi, akashangaa mtu mzima analiuliza, akampigapiga Bi Siwema begani kwa upole.

"Kinasimama ninaposhuka mimi, mama."